Mke wa Ndani ya Miwani

Ti... ti... ti...

Mlio mdogo, kama tone la maji linaloangukia kifuniko cha sufuria. Umeme ulikatika tangu adhana ya magharibi na nyumba nzima pale Buzebazeba ilikuwa giza tupu. Stephania alisimama katikati ya sebule na kibiriti mkononi, mwanae Winfrida amemlalia mgongoni, akatega sikio. Bomba? Hapana, maji yenyewe hayajatoka tangu juzi.

Mlio ulitoka kwenye rafu ya Nehemia.

Rafu hiyo mtaa mzima uliijua. Nehemia alikuwa fundi simu pale Mwanga, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, baba wa mtoto, lakini ukimkuta nyumbani jioni ungedhani darasa la tatu limefunga shule. Alikusanya magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili. Alikuwa na malori yaliyotengenezwa kwa makopo ya mafuta ya msaada, chura wa bati anayeruka ukimzungusha ufunguo, na vile vigemu vya zamani vya matofali yanayoanguka, ambavyo alivifufua kwa betri za simu mbovu. Juu kabisa, penye heshima, ilikaa miwani ya VR. Dude jeusi la kufunga usoni, unachomeka simu ndani yake, ukilivaa unaingia kwenye gemu mwili mzima. Ukigeuka kulia unaona ya kulia, ukiinua kichwa unaona mbingu. Aliipata kwa Mzungu mmoja wa shirika aliyekuwa anahama Kigoma, mwaka ule wa 2018. Majirani waliiita ndoo ya usoni. Stephania alikuwa akicheka nao, na usiku anamfuta mumewe jasho la mashavuni lililoachwa na ndoo hiyo.

Mumewe tunasema kwa mazoea tu. Walikuwa wameishi pamoja miaka minne bila ndoa, na sasa hatimaye Padre alikuwa ametangaza majina yao kanisani mara mbili. Kesho Jumapili lilikuwa tangazo la tatu, la mwisho. Jumamosi inayofuata, harusi.

Ti... ti... ti...

Akainyanyua miwani. Ndani yake simu ya pili ya Nehemia ilikuwa inaita. Alitaka kuizima tu, asije mtoto akaamka. Lakini kuizima mpaka uone kilichoandikwa, na kuona mpaka uvae. Akavaa. Akabonyeza kirimoti kidogo kama alivyokuwa akimwona Nehemia anabonyeza.

Giza likaondoka.

Alikuwa kwenye uwanja wa udongo mwekundu, jua la saa sita. Mbele yake nyumba za matope kwa mistari, mapaa yake plastiki nyeupe. Katikati ya uwanja limesimama lori la kopo, lile lile la kwenye rafu, ila sasa kubwa kuliko nyumba, hata mikunjo ya bati unaiona. Kwenye usukani kimekaa kidude cha kichwa cha duara na mikono inayoelea hewani. Kikaruka chini, kikamjia mbio.

"Baba, umechelewa," kikasema.

Sauti ya mtoto wa kiume. Mtoto hai, mwenye mafua kidogo.

Stephania alibaki mdomo wazi ndani ya lile dude.

"Baba? Mbona hauongei? Mama anasema ukikuja utalala kwenye chumba changu kwanza, mpaka tupate nyumba ingine."

Nyuma ya sauti ya mtoto ikaja sauti ya mwanamke, karibu kabisa na sikio, kana kwamba amesimama pale pale sebuleni Buzebazeba.

"Nehemia? Ile tarehe ya intavyuu umeipata?"

"Mimi siyo Nehemia," Stephania akasema. Hakujua sauti hiyo ameitoa wapi.

Yule mwanamke akauliza:

"Uko nani weye?"

"Mimi ni mke wake."

"Hapana, mama," yule mwanamke akajibu taratibu, bila hasira, kama mtu anayesahihisha jina kwenye orodha. "Muke wake njo mimi."

Stephania akaing'oa miwani usoni. Giza la sebule likamrudia, na ndani ya giza hilo moyo wake ulikuwa unagonga mpaka Winfrida akajigeuza mgongoni.

* * *

Nehemia alirudi na mshumaa na migebuka miwili iliyofungwa kwenye gazeti, akilalamikia umeme. Alipoingiza mwanga akamkuta Stephania amekaa chini kwenye sakafu, miguu imenyooka, miwani mapajani. Simu ilikuwa imetolewa ndani yake. Amekalia moja ya malori na wala hana habari.

"Mama Winfrida, mbona uko chini?"

"Eufrasia ni nani?"

Jina alikuwa ameliona kwenye kioo cha simu, juu ya namba ya Amerika, na la mtoto chini yake. Nehemia aliweka samaki mezani polepole sana, kana kwamba wangeamka.

"Na Martini ni nani, anayekuita baba?"

"Umevaa miwani."

"Nimevaa. Na nimeambiwa mke wako siyo mimi. Nimeambiwa kwa adabu kabisa, Nehemia, hata nikashindwa kutukana."

Nehemia akakaa chini, mbele yake, mshumaa katikati yao. Alianza mara mbili akashindwa. Mara ya tatu akaanzia mbali.

Alisema yeye si mtu wa Kalya, kijiji cha upande huu wa ziwa, kama alivyomwambia siku ile ya kwanza alipokuja kutengeneza taa za sola kwenye darasa la jioni alilokuwa akisoma Stephania ili arudie mtihani wa kidato cha nne. Yeye alizaliwa Baraka, Kongo, ng'ambo ya ziwa. Alivushwa akiwa na miaka sita, kwenye boti lililojaa magodoro, vita ikiwa nyuma yao. Alikulia kambini. Malori ya makopo alijifunza kuyatengeneza kule, kwa mkono wa kaka yake Selestini. Mwaka 2014 alipewa kibali cha siku saba kutoka kambini kuja Kigoma, na hajarudi mpaka leo.

Stephania alimsikiliza akijaribu kuhesabu ni mara ngapi amewahi kumuuliza habari za Kalya, na ni mara ngapi huyu mtu alimjibu kwa vituko vya Kalya, na samaki wa Kalya, na shangazi wa Kalya.

"Yule shangazi aliyekuwa na kijicho?"

"Hayupo. Nilimtunga."

"Mimi nilimwombea yule shangazi, Nehemia. Nilimwekea nia kwenye misa."

Angeweza kucheka mwenyewe, siku nyingine. Nehemia akainamisha kichwa, akaendelea.

Selestini alikufa kambini kwa homa ya wiki moja. Alimwacha mkewe Eufrasia na mimba ya miezi minne. Haikupita muda likaja zoezi la kuandikisha kadi za posho upya. Kila kadi ni familia moja. Mjane peke yake na shemeji kijana ambaye hajaoa, hao siyo familia, wangetenganishwa: Nehemia apelekwe kwa vijana wasio na watu, Eufrasia ajifungulie kati ya wageni. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema semeni mmeoana. Nehemia alikuwa na miaka ishirini. Akaweka dole gumba. Martini alipozaliwa, akaandikwa mtoto wake.

"Kwenye kadi," Nehemia akasema. "Kwenye kadi tu, Stephania. Sijawahi kulala nyumba moja naye. Alikuwa mke wa kaka yangu."

"Na Amerika?"

"Walichaguliwa kupelekwa. Familia nzima, mimi nikiwa ndani. Siku ya intavyuu ya mwisho sikwenda, wakaondoka bila mimi. Siku hiyo nilikuwa darasani kwenu nawaambia taa bado haijakaa sawa."

Taa zilikaa sawa siku ya kwanza. Darasa zima lilijua fundi anarudia rudia kwa sababu ya Stephania. Kidogo, kidogo sana, kitu kikalegea kifuani mwake. Alimwangalia huyu mwanaume mwenye vidole vya kuchomea waya. Mtoto wa marehemu yuko mbali, mahali anapopakumbuka duniani ni kambini tu, kwa hiyo baba yake mdogo amemjengea kambi ndani ya gemu, na kila Jumamosi wanapanda lori la kopo. Kuna mtu angelaumiwa kwa hilo? Alikuwa karibu kunyoosha mkono.

Simu mapajani ikawaka. Eufrasia alikuwa ametuma ujumbe.

*Mama, usikasirike na mimi. Sikujua habari yako. Angalia mwenyewe chenye aliniandikia.*

Chini yake, picha ya maneno ya Nehemia: *Nitakuja. Mwambie Martini baba yake anakuja. Tuma karatasi.*

Stephania akaangalia tarehe. Akaiangalia tena kwa kusogeza simu kwenye mshumaa. Ilikuwa Jumapili ya wiki mbili zilizopita. Jumapili ile ile Padre aliposoma majina yao mara ya kwanza, wakarudi nyumbani wakala wali, na Nehemia akamchezesha Winfrida chura wa bati mpaka mtoto akapaliwa na kicheko.

"Ulituma saa ngapi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imepoa kabisa. "Kabla ya wali au baada?"

"Stephania, alikuwa analia. Mtoto alikuwa analia ndani ya miwani, anasema wenzake shuleni wanamuuliza baba yako yuko wapi. Nilisema ili anyamaze."

"Na hukutamani kwenda?"

Hapo Nehemia angeweza kudanganya, na pengine angeaminiwa.

"Nilitamani," akasema. "Siku tatu. Kisha ikaniuma."

Stephania akainuka. Alimfunga Winfrida vizuri mgongoni, akachukua ile simu na kanga mbili, akatoka nje kutafuta bodaboda ya kwenda Ujiji. Nehemia alimfuata mpaka kizingitini. Hakumshika. Alisema tu, kesho kuna tangazo la tatu. Stephania akamjibu kwamba anajua kalenda.

* * *

Mama mkubwa Veneranda, aliyemlea Stephania tangu mama yake alipofariki, alikuwa mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, mwanamke wa maneno yenye chumvi. Alimfungulia mlango akiwa na tochi, akamwona sura, akamwondolea mtoto mgongoni bila kuuliza. Aliuliza baada ya chai.

Stephania akaeleza yote. Alitegemea mama mkubwa aruke kwa hasira. Mama mkubwa alikuwa anapuliza chai.

"Kwamba ni Mkongo, hilo ndilo linakuliza?"

"Ulijua?"

"Mwanangu, yule kijana siku ya kwanza kuja hapa nilimpa sombe, kisamvu cha ng'ambo. Alikula akafumba macho. Mtu wa Kalya gani anakula sombe amefumba macho. Nusu ya Ujiji hii babu zao walivuka, wengine kwa kubeba pembe za ndovu, wengine kwa kukimbia. Babu yako mwenyewe unadhani aliota hapa kama mchicha?"

Stephania alitazama kikombe. Kumbe kila mtu alijua isipokuwa yeye aliyelala naye kitanda kimoja.

"Siyo Ukongo, mama mkubwa. Ni kwamba nimesomewa tangazo kanisani na mtu aliyeahidi kupanda ndege."

Hapo Veneranda akaweka kikombe chini. Akasema hilo sasa ni jambo. Akasema na ile ndoo ya usoni yeye tangu mwanzo hakuipenda; mwanaume akizama ziwani utaona mapovu, lakini akizama mle ndani ataonekana amekaa kwenye kiti. Kisha akamfunika Winfrida vizuri, akamwambia Stephania asiamue kitu chochote usiku huu.

Simu ya Stephania mwenyewe ikatetemeka. Nehemia.

*Mama Winfrida umefika salama?*

Baada ya dakika kumi:

*Sikuombi urudi. Naomba uniambie tu mtoto amelala.*

Akaandika neno moja: *Amelala.* Akaizima.

Ile simu ya pili hakuizima. Eufrasia alikuwa ameandika tena, ujumbe mrefu kama barua, na Stephania aliusoma mara tatu amelala chali. Aliandika kwamba anafanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kukata kuku, mikono inakufa ganzi kwa baridi. Kwamba Nehemia hajamgusa hata siku moja, na yeye hawezi kumsingizia mtu kwa Mungu. Lakini wazee walipomaliza msiba walimshikisha Nehemia mkuki wa kaka yake mbele ya watu wote, na kwao mwanaume akishika mkuki wa marehemu, ameshika na nyumba yake. *Alishika, mama. Hakukataa. Mimi nikangoja. Uniambie kosa langu ni gani.*

Stephania hakuliona kosa. Ndiyo maana hakupata usingizi.

* * *

Misa ya kwanza Jumapili ilijaa mpaka kwenye ngazi. Stephania alikuja na wazo la kumkamata Padre sakristia kabla ya misa, amwambie asisome. Lakini Winfrida alimwaga uji kwenye gauni, wakachelewa, na walipofika wimbo wa kuingia umeshaanza. Akakaa nyuma na mama mkubwa. Nehemia alikuwa upande wa wanaume, shati jeupe halijapigwa pasi. Hakugeuka.

Mahubiri yakapita bila Stephania kusikia neno. Kisha matangazo. Jumuiya fulani ifanye usafi. Wanakwaya wabaki. Halafu:

"Tangazo la ndoa, kwa mara ya tatu na ya mwisho. Nehemia Yakobo wa Buzebazeba, na Stephania Antoni wa Ujiji. Mwenye kujua kizuizi chochote anaombwa kukitaja."

Stephania akashika benchi. Miguu ilimwambia simama, mdomo ukakataa. Watu watatu mbele wakageuka kumtazama na tabasamu la harusi.

Upande wa pili mtu akasimama.

"Padre," Nehemia akasema. "Kizuizi ninacho mimi."

Vichwa vyote vikageukia upande wa wanaume.

"Nimeandikwa mume wa mjane wa kaka yangu, kwenye kadi ya posho, kambini. Siyo ndoa, lakini nimeandikwa, na nilishika mkuki, na mwenzangu hapa nilimficha. Mimi siyo mtu wa Kalya. Mimi ni mkimbizi. Nimeishi hapa miaka mitano bila kibali."

Benchi mbili mbele yake alikuwa amekaa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Oswald, na suti yake ya kaki. Kila mtu alimwona Mzee Oswald akigeuza shingo. Kila mtu alielewa kwamba fundi simu amejitoa mwenyewe mbele ya serikali, mchana kweupe, na kwamba wakitaka kumrudisha kambini leo hii hakuna wa kuzuia.

"Mungu wangu," mama mkubwa akanong'ona. "Huyu kichaa."

Stephania alikuwa na hasira naye bado, tena nyingi. Lakini alijua pia kwamba huyu mwanaume angeweza kukaa kimya. Tangazo lilikuwa limeshasomwa. Yeye Stephania mwenyewe alikuwa ameshindwa kusimama.

* * *

Ofisi ya parokia ilikuwa na meza moja, viti vitatu na watu watano. Mzee Oswald alikuja bila kualikwa. Nehemia akamwamkia shikamoo mzee, akapokea marahaba kavu.

Padre aliuliza maswali yake kwa mpangilio. Je, kulikuwa na mahari? Mahari aliitoa Selestini. Padre yeyote aliwafungisha? Hakuna. Waliwahi kuishi kama mke na mume? Hapana. Basi kwa kanisa, akasema, hiki siyo kizuizi. Kadi ya posho inagawa unga na maharage, haigawi sakramenti. Lakini kuna mwanamke kule anayeamini ana mume, na kuna mtoto, na hilo hawezi kulifutia hapa mezani.

"Mpigieni," Stephania akasema.

Kule ilikuwa saa saba usiku. Eufrasia alipokea akiwa kwenye mapumziko ya zamu. Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma. Nehemia alinyoosha mkono kuchukua simu. Stephania hakumpa.

"Dada Eufrasia, ni mimi wa jana."

"Nakusikia."

"Nimesoma barua yako. Kosa huna. Nataka nikuulize kitu kimoja tu na unijibu kama mwanamke mwenzio. Unamtaka Nehemia, au unamtaka baba wa Martini?"

Mashine zikanguruma muda mrefu. Mzee Oswald akaangalia saa yake, akaona haya, akaurudisha mkono chini.

"Mimi nilikuwa nataka mutu wa kunifungulia mlango," Eufrasia akasema mwisho. "Nikitoka kazi. Ni hivyo tu. Nehemia mwenyewe, kama ni kusema kweli, akiongea na mimi anaongea kama anaongea na yaya yake, dada yake mukubwa. Hata ndani ya ile gemu, ananipa kiti halafu anaenda kucheza na mutoto."

"Sasa kwenye karatasi tufanyeje? Wasije wakasema ulidanganya."

"Hapo njo naogopa."

Stephania alikuwa amelifikiria hilo tangu alfajiri, akiwa chali kitandani kwa mama mkubwa. Darasa la jioni lilimfundisha mambo machache, moja likiwa kusoma fomu mpaka chini.

"Andika mmeachana," akasema. "Kadi ndiyo iliyowaoza, fomu iwaachanishe. Ombi la kumwita mume unaliondoa, basi. Hakuna atakayekuuliza ya zamani."

Eufrasia akacheka ghafla, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka.

"Huku wanaachana kila siku. Hawatashangaa hata kidogo." Kisha sauti ikashuka. "Lakini Martini mimi siwezi kumwambia. Alizaliwa, akasema baba, akaonyeshwa Nehemia. Sina kinywa cha kumwambia. Amwambie yeye. Leo."

Simu ilipokatika Padre alifuta miwani yake ya kawaida kwa muda mrefu. Mzee Oswald akakohoa. Akasema kwamba yeye kama mwenyekiti, mtu aliyejitaja mwenyewe mbele ya kanisa zima hawezi kusema amemkamata. Jumatatu asubuhi Nehemia aende naye uhamiaji, yeye atamwandikia barua kwamba amekuja kwa miguu yake, ana mtoto wa Kitanzania na mchumba wa Kitanzania, yaliyobaki wataamua wenye ofisi. Huenda akarudishwa kambini kwa muda. Huenda si kwa muda.

"Na kuhusu harusi," Padre akamgeukia Stephania, "neno ni lako."

Stephania akamtazama Nehemia. Shati lilikuwa limemlowa.

"Harusi sijaifuta," akasema. "Nimeisogeza. Kwanza nataka kukujua, Nehemia. Huyo wa Baraka. Wa Kalya nilishamzoea, lakini hakuwepo."

"Utanisubiri kama nikipelekwa?"

"Kambi siyo mwezini. Basi zinaenda."

Mama mkubwa Veneranda, aliyekuwa mlangoni na Winfrida, akasema basi anywe maji huyo kijana kabla hajaanguka kwenye ofisi ya watu.

* * *

Saa kumi na moja jioni, Nehemia alikaa sebuleni kwake na miwani mkononi, hawezi kuivaa. Umeme ulikuwa umerudi. Stephania alikaa kwenye mkeka pembeni yake, kwa mara ya kwanza tangu jana karibu kiasi cha magoti yao kugusana. Winfrida alikuwa amelala kifudifudi akichora kwenye risiti za zamani. Spika ya simu waliifungua ili wote wasikie. Stephania ndiye aliyetaka. Alisema kuanzia leo hakuna mtu atakayeingia mle ndani peke yake.

"Nikimwambia atanichukia," Nehemia akasema.

"Anaweza. Mimi nimekuchukia tangu jana, na bado nimekuletea chai."

Akavaa. Ti, ti, kisha upepo wa ule uwanja usiokuwepo ukasikika sebuleni.

"Baba," Martini akasema. "Jana kulikuwa na mama mmoja huku."

"Najua. Ni mama Winfrida. Yuko hapa. Martini, kaa chini kidogo."

"Kwenye lori?"

"Popote. Kaa."

Mikono ya Nehemia ilikuwa inapapasa hewa, kana kwamba anatafuta kichwa cha mtoto cha kukishika. Stephania akaukamata mmoja.

"Nataka kukuambia habari za mtu anaitwa Selestini," Nehemia akaanza. Akamweleza. Kwamba Selestini alikuwa kaka yake mkubwa, alikuwa na kicheko cha kuamsha majirani, na mama Martini alimpenda. Kwamba aliugua wiki moja. Kwamba alijua mtoto anakuja, akaweka mkono juu ya tumbo, akasema ni wa kiume. Sauti ilimkatika mara mbili, na mara zote mbili Stephania aliubana ule mkono. "Huyo ndiye baba yako, Martini. Mimi ni mdogo wake. Mimi ni baba yako mdogo. Waliniandika baba kwa sababu tuliogopa kutenganishwa, na mimi nikaacha uamini. Nilikwambia nakuja. Siji. Nimekudanganya, na naomba unisamehe."

Kwenye spika ukabaki upepo wa gemu tu. Stephania alihesabu pumzi zake, saba, nane, tisa, akafikiri mtoto ameondoka. Winfrida akaacha kuchora. Chini ya ile miwani nyeusi machozi ya Nehemia yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni, na hakuna aliyeyafuta.

Kisha Martini akavuta makamasi, akasema:

"Nilijua, lakini nilitaka uendelee kuja."